Mhariri, kibodi za analogi siyo wizi, wizi uko kwingine

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana kuna jambo limenikaa kooni. Juzi kati mlitoa barua ya msomaji mmoja anasema hizi kibodi mpya za kompyuta za analogi, ambazo kitufe kinajua umekibonyeza kiasi gani, zile madogo wanaziita kibodi za presha, ni wizi mtupu na yeyote anayeingia nayo kwenye mashindano ya gemu afukuzwe hapo hapo. Barua ingekuwa barua tu ningepiga kimya, kila mtu ana mdomo wake. Ila sasa naona na baadhi ya waandaaji wa mashindano hapa Dar wameanza kuandika kwenye matangazo yao "kibodi za presha haziruhusiwi", mstari mmoja hivyo hivyo, hawaelezi wanakataza kitu gani hasa wala kwa nini. Kuna dogo wa mtaani kwetu hapa Sinza kakataliwa mlangoni, hela ya kiingilio keshatoa na hajarudishiwa, na jamaa aliyemkataa hata kuichomeka hiyo kibodi aone inafanyaje hakuichomeka, kasoma tu kwenye boksi kaona mambo ya sumaku akasema hapana, rudi nyumbani.

Sasa mimi siuzi kibodi na sina undugu na anayeuza. Ila nacheza gemu za PC miaka mingi na naona watu wanabishana juu ya kitu ambacho wengi wao hawajakigusa.

Kibodi tulizozoea, ya ofisini na hata zile za mekanika zinazopiga kelele mpaka jirani anagonga ukuta, kila kitufe kinajua mambo mawili tu, nimebonyezwa au sijabonyezwa, basi. Chukua swichi, yaani kile kidude kilicho chini ya kitufe, ya Cherry MX Red ambayo ukiuliza mcheza gemu yeyote anaijua, inasafiri milimita 4 toka juu mpaka chini, ikifika milimita 2 vyuma viwili vinagusana kompyuta inaambiwa kitufe cha D kimebonyezwa, ukishuka zaidi ya hapo ni kazi bure hamna anayekusikiliza. Ya analogi inasikiliza safari nzima. Ndani ya kila swichi kuna kisumaku kinashuka pamoja na kidole chako, na kwenye ubao chini kuna sensa inapima kile kisumaku kimekaribia kiasi gani, inaitwa sensa ya Hall, ni kwa jina la Mmarekani Edwin Hall aliyeligundua hilo jambo mwaka 1879, yaani Mjerumani alikuwa hata hajaja kututawala. Na kibodi za aina hiyo zilikuwepo Marekani tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, kwenye mashine za kazi huko, siyo za kuchezea. Kwahiyo kompyuta badala ya kuambiwa ndiyo au hapana inaambiwa umeshuka robo, umeshuka nusu, umefika chini kabisa. Zipo nyingine zinatumia mwanga badala ya sumaku lakini biashara ni ile ile.

Na kitu kimoja wengi hawakijui, hizi zinazouzwa hazipimi nguvu ya kidole kabisa, zinapima kina. Ukifika chini hata ukandamize mpaka kidole kiwe cheupe namba haiongezeki. Iliyokuwa inapima nguvu kweli ni ile Microsoft waliionyesha mwaka 2009, wakawapa wanafunzi kwenye shindano la ubunifu waone wataifanyia nini, ikaishia kuwa ya maonyesho. Walioifungua biashara ni kampuni ya Waholanzi, Wooting, walichangisha pesa kwa watu kwenye mtandao wa Kickstarter mwaka 2016, ya kwanza ilikuwa ya mwanga, baadaye wakahamia kwenye sumaku, na ile 60HE yao ya mwaka 2022 ndo iliyowatia wazimu watu wa gemu za risasi. Razer, kampuni nyingine ya vifaa vya gemu, nao walikuwa wameshatoa ya kwao ya mwanga, Huntsman V2 Analog, mwaka 2021.

Wazimu wenyewe ni juu ya kitu kinaitwa rapidi triga. Kwenye kibodi ya kawaida ukiachia kitufe lazima kipande mpaka kipite ile alama ya milimita 2 ndo kompyuta ijue umeachia, kama ulikuwa umekididimiza mpaka chini inabidi kisafiri njia yote hiyo. Ya analogi kwa kuwa inajua uko wapi muda wote, kidole kikianza tu kupanda hata milimita 0.1 inasema huyu kaachia. Umeachia kweli, hujadanganya, ni kwamba kibodi imekusikia mapema.

Sasa wanaosema kitufe kinachojua umekibonyeza kiasi gani ni wizi nawauliza, PS2 mlicheza au hamkucheza? Maana padi ya PS2, DualShock 2 iliyotoka na PS2 yenyewe mwaka 2000, vitufe vyake karibu vyote, X, duara, pembetatu, mraba, mpaka mishale, vilikuwa vinasoma umekandamiza kiasi gani, ukitoa vichache kama Start na Select. Kwenye gemu ya magari ya Gran Turismo 3 ukiikandamiza X kidogo gari linakwenda kidogo, ukiikaba linaondoka. Tumekaa kwenye mabanda ya PS2 toka Manzese mpaka Mbagala tunapokezana padi zenye jasho na hamna mtu hata mmoja aliyewahi kusema zile padi ni za wizi, wengi walikuwa hawajui hata kama zina hicho kitu, wanabonyeza kwa hasira zao tu. Sony wenyewe waliiondoa kwenye padi ya PS4 mwaka 2013 wakabakiza vile vya nyuma, L2 na R2, ndo vya kubonyeza kiasi kiasi, na hata hizo hamna anayezilalamikia. Ikihamia kwenye kibodi ndo imekuwa dhambi?

Ila na mimi sitaki kuonekana natetea kila kitu. Huyo msomaji wenu kuna mahali kaona moshi na moto upo kweli, isipokuwa kamwaga maji nyumba ya jirani.

Kwenye Counter-Strike, gemu ya risasi ambayo A ni kwenda kushoto na D ni kulia, ukipiga huku unakimbia risasi zinatawanyika hovyo, ili risasi iende ulikolenga inabidi usimame kwanza, na kusimama haraka siyo kuachia kitufe tu maana bado unateleza kidogo, unaachia D halafu unaigusa A kwa mbali ili uuvunje ule mwendo, hapo ndo unapiga. Ukichelewa kuigusa A umeteleza, ukiwahi kabla D haijatoka vitufe viwili vinapingana na unapotea. Hilo ni la mazoezi, vidole vinafundishwa miezi na wengine miaka, na ndo moja ya vitu vinavyomtenganisha mchezaji na mpitaji. Sasa mwezi Julai 2024 Razer wakaweka kitu kinaitwa Snap Tap kwenye kibodi zao, na wengine wakafuata haraka haraka, Wooting wakiwemo. Ukiwa umeikaba A halafu ukabonyeza D, kibodi yenyewe inaikata A bila wewe kunyanyua kidole, ukiachia D inairudisha A. Yaani ile kazi ya kupishanisha vidole bila kugongana, ambayo ndo ujuzi wenyewe, inafanywa na kibodi. Wewe unakandamiza tu kama unakanda chapati.

Valve, wenye gemu yao, hawakuchukua muda, Agosti 2024 wakatangaza kwamba kwenye seva zao rasmi za Counter-Strike 2 mtu atakayekutwa anatumia otomatiki ya namna hiyo, iwe kwa skripti, yaani maagizo yaliyoandikwa kwenye kompyuta, au kwa kifaa, anatolewa kwenye mechi. Mimi naungana nao mia kwa mia. Lakini angalieni walichokataza na walichokiacha. Hawakusema kibodi za analogi marufuku, hawakusema sumaku marufuku, na rapidi triga haikuguswa, watu wanaitumia mpaka leo kwenye mashindano makubwa huko duniani. Walichokataza ni kifaa kukufanyia kile ulichotakiwa ukifanye wewe. Wamechora mstari mahali pake, sisi huku tunakuja na panga tunafyeka shamba zima.

Na kibaya zaidi, hilo jambo la Snap Tap halihitaji analogi hata kidogo. Kabla Razer hawajaliuza kama kitu kipya watu walikuwa wanalifanya kwa skripti kwenye kibodi za kawaida kabisa, na siku hizi kuna kibodi za mekanika za bei ya kawaida zinakuja nalo ndani. Kwahiyo fikirieni hilo tangazo la "kibodi za presha haziruhusiwi" linafanya nini mlangoni. Dogo mwenye kibodi ya sumaku ambaye hajawasha ujanja wowote anarudishwa nyumbani, halafu jamaa mwenye kibodi ya kawaida iliyowashwa hiyo otomatiki anapita anacheka, anakula hela ya ushindi na anapigwa picha.

Waandaaji watasema tutajuaje sasa, sisi siyo mafundi. Mbona ni rahisi. Fungua programu yoyote ya kupima kibodi, zipo za bure, ile inayokuonyesha vitufe vilivyobonyezwa vinawaka kwenye skrini, mwambie mchezaji akae na kibodi yake, aikabe A asiiachie, halafu aikabe na D. Zikiwaka zote mbili kwa pamoja, safi, apite. Ikiwaka D peke yake na A ikazimika wakati kidole bado kiko juu yake, hiyo imewashwa, mwambie aizime kwenye programu ya kibodi yake halafu mpime tena. Dakika haiishi. Na mpime kwenye kompyuta ya mashindano siyo kwa maneno, kwa sababu nyingi ya hizi kibodi zinatunza mipangilio ndani yake zenyewe, ukiichomoa nyumbani ukaja kuichomeka ukumbini inakuja na kila kitu ulichowasha huko. Kwahiyo kumwambia mtu "kompyuta ni yetu, hamna programu yake humu" siyo ulinzi. Na wakati wa mechi zenyewe mpime tena mmoja mmoja kwa kushtukiza, maana kuna kibodi unaweza kubadilisha mpangilio kwa kubonyeza vitufe viwili tu, Wabongo tunajuana.

Kuhusu bei, hapo huyo msomaji ana hoja na simbishii sana. Anasema mwenye hela anamshinda asiye na hela. Hiyo Wooting 60HE ilipotoka ilikuwa inauzwa kama dola 175, ukiigeuza ni zaidi ya laki nne kabla hujaweka usafiri na kodi, ikifika mkononi imeshakuwa kitu kingine kabisa, kodi ya chumba cha mtu hiyo miezi kadhaa. Lakini Wachina wameshaingia, za sumaku zimeshuka bei sana ukilinganisha na miaka mitatu minne nyuma, na pia tuseme ukweli, skrini inayobadilisha picha mara 240 kwa sekunde inakupa faida kubwa kuliko kibodi yoyote na hamna anayesimama mlangoni kuzikataa skrini. Kama shida ni usawa, basi mwandaaji aweke vifaa vyake, wote wachezee kibodi moja mausi moja, mbona kwenye mabanda ndo ilivyo. Hapo nitanyamaza. Ila kusema usawa halafu ukachagua kitu kimoja tu cha kukataza, na hicho chenyewe hujakielewa, hapana.

Na kwa wale wanaotaka kununua kwa sababu wamesikia mtu akiwa nayo hashindiki, jamani, tulieni. Kama unacheza mtandaoni toka hapa Dar seva ya karibu iko Johannesburg au Dubai, ping yako, yaani muda wa taarifa kwenda kwenye seva na kurudi, ni makumi ya milisekunde na siku intaneti ikiamua inapita mia, halafu muuzaji anakwambia hii kibodi inaongea na kompyuta mara 8,000 kwa sekunde siyo 1,000, ni kweli, lakini tofauti yake haifiki hata milisekunde moja. Utaipata wapi wewe hiyo tofauti. Kwenye mashindano ya ukumbini ambako kompyuta zimeunganishwa pamoja kidogo ina maana, na hata hapo rapidi triga inamsaidia ambaye tayari anajua kusimama, asiyejua itamfanya ateleze vizuri zaidi.

Kariakoo nako kuna shida yake. Kuna wauzaji kitu chochote chenye taa za rangi rangi wanakwambia bosi hii ndo ile ya presha, wanataja bei ya juu, watu wanapigwa kweli kweli. Ukienda kununua mwambie ang'oe swichi moja mbele yako, hizi kibodi nyingi zinakuja na kikoleo chake kidogo cha kung'olea. Swichi ya kawaida ya mekanika chini ina miguu miwili ya chuma, ya sumaku haina miguu hiyo kwa sababu haigusanishi kitu chochote, ni sumaku tu inapanda na kushuka. Ukiona miguu ya chuma halafu muuzaji bado anakwambia ni ya sumaku, shika njia. Hilo la kutogusanisha kitu kwangu mimi ndo faida ambayo hamna anayeitaja, sisi tunaoishi na hii hewa ya chumvi ya bahari na vumbi tunajua kibodi za kawaida zinavyochoka, unabonyeza mara moja herufi inatoka mara mbili, ni vile vyuma vya ndani vimeshachafuka. Za sumaku haziumwi ugonjwa huo. Ubao unaweza kuliwa na kutu kama ubao mwingine wowote, hilo halina dawa, na ukimwagia soda ni soda tu.

Raha ya kweli ya hizi kibodi, na hapa nitasema hata kama hamjaniuliza, haiko kwenye risasi kabisa. Gemu nyingi za risasi za mashindano zinaisoma kibodi kama kibodi, hata uwe na analogi ya namna gani zenyewe zinapokea ndiyo au hapana. Raha iko kwenye kuendesha. Kuna madogo wengi hapa mjini wanapenda Euro Truck Simulator 2, gemu ya kuendesha malori iliyotoka mwaka 2012 na mpaka leo iko hai, wanapakia na mabasi yetu humo wanaendesha kama wanaenda Mwanza. Kwa kibodi ya kawaida W ni mafuta yote au hamna, A ni usukani umekatwa, basi linayumba barabarani abiria wangekuwa wa kweli wangeshashuka. Kwa analogi unaishusha W nusu basi linatambaa, unaigusa A kwa mbali linaingia kona taratibu. Hata kwenye gemu za kutembea tembea, unashusha kidogo mtu anatembea, unashusha zaidi anakimbia, hamna kushikilia Shift mpaka kidole cha mwisho kife ganzi.

Siyo kwamba inakwenda bila kero. Gemu nyingi ili zikubali lazima kibodi ijifanye ni padi ya Xbox, na hapo gemu inachanganyikiwa, ukigusa kibodi inakuonyesha alama za padi, ukigusa mausi inarudisha za kibodi, maandishi yanacheza cheza kwenye skrini mpaka kichwa kinauma, na kuna gemu zikishaona padi zinakataa mausi kabisa. Wenye gemu wengi hawajajisumbua kulirekebisha. Kwahiyo mimi mtu akiniuliza nataka analogi kwa ajili ya magari tu, namwambia nenda katafute padi iliyotumika, ni hela kidogo na haina maneno.

Waandaaji wa mashindano, ombi langu kwenu ni dogo. Kwenye tangazo mnalotupia kwenye magrupu ya WhatsApp, kabla hamjapokea kiingilio cha mtu, andikeni hivi: kibodi yoyote ruksa, otomatiki ya kupishanisha vitufe hairuhusiwi, tutapima. Na mkipima, pimeni zote, na ile ya mpwa wa mwandaaji pia.

Ni mimi mdau wa gemu,
Sinza, Dar es Salaam